Kabla hujamlaumu mfanyakazi, watazame wenzake

Kikuubo hapakosi maelezo ya hasara. Mzigo ukichelewa kutoka Busia, mwenye duka anasema kijana wake aliyeko kule ni Mkenya, na Wakenya ni wajanja. Stoo ikipungua katoni tatu za sabuni, lawama zinamwangukia yule aliyetoka magharibi, kwa sababu watu wa huko "anawajua". Mtanzania aliyeajiriwa mwaka jana ana mwendo wa taratibu mno. Mkongo anapenda kuvaa. Na wageni waliofungua maduka hapa Kampala wana lao la kusema kuhusu wenyeji: Mganda anakuitikia kwa heshima, "ye ssebo", halafu anakwenda kufanya alichokuwa anataka kufanya tangu mwanzo.

Maneno haya nimeyasikia katika kazi yangu ya kuandika habari za ukanda huu, Kampala, Namanga, Mutukula na Goma, majina ya mataifa yakibadilishana zamu tu. Yanachekesha kidogo. Pia yanatugharimu fedha, maana mfanyabiashara anayeamini kwamba wizi au uvivu unatokana na pasipoti ya mtu atabadilisha watu kila mwaka, na hasara itabaki pale pale.

Ninachosema ni kwamba mtu akiwa kazini huwafuata zaidi watu anaofanya nao kazi kuliko taifa lake au kabila lake, na mara nyingi kuliko hata tajiri anayemlipa. Anataka wasimcheke, wasimtenge, wamsaidie siku lori likifika usiku na yeye yuko peke yake. Ukitaka kujua kwa nini kijana wako anafanya anavyofanya, anza kwa kuuliza nani yuko pembeni yake. Vyuoni somo hili lina jina refu na linafundishwa kwa wale wanaotarajia kusimamia makampuni makubwa. Lakini duka la watu wanne nalo lina makundi ndani yake, na mwenye duka asiyeyaona ndiye wa mwisho kujua mambo yanayoendelea.

Tujitazame kwanza sisi wenyewe, yaani wafanyabiashara na sisi tunaoandika habari zao. Aprili 2024 maduka ya katikati ya Kampala yalifungwa. Mgogoro ulikuwa juu ya mfumo wa risiti za kielektroniki, EFRIS, unaounganisha muuzaji moja kwa moja na Mamlaka ya Mapato ya Uganda. Serikali ilisema wafanyabiashara wanakwepa kodi. Wafanyabiashara walijibu kwa hoja yenye uzito: wakati huo mwenye mauzo yaliyozidi shilingi milioni 150 kwa mwaka alitakiwa kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18, na akitoa risiti sahihi huku jirani yake hatoi, bei yake inapanda, mteja anavuka njia na kununua ng'ambo. Kwa hiyo hatoi. Ukimuuliza kama yeye ni mwizi atakasirika, na ana haki ya kukasirika. Atakwambia utazame mazingira: utazame majirani, bei, faini, na jinsi kazi yenyewe ilivyo.

Vizuri. Basi na kijana wa stoo naye apewe haki hiyo hiyo. Tunapokosea sisi, tunaeleza hali ilivyokuwa. Anapokosea mfanyakazi, tunaeleza alivyoumbwa. Na siku zile za mgomo, mwenye duka aliyekuwa na madeni ya benki na alitamani kufungua hakuangalia Katiba wala dhamiri yake peke yake. Aliangalia milango ya jirani zake. Ikiwa kumi imefungwa na wewe ndiye wa kumi na moja, unafunga.

Kampala ina historia yake katika jambo hili, na imeandikwa. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931. Mwaka 1948 reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja, East African Railways and Harbours, makao yake makuu yakiwa Nairobi. Lilikuwa mojawapo ya waajiri wakubwa wa eneo hili, na mtu aliyeajiriwa nalo angeweza kupangiwa kituo nje ya nchi alikozaliwa. Hapa Kampala wafanyakazi wengi wa reli waliishi katika nyumba za shirika huko Nsambya. Mwanazuoni Mwingereza wa elimu ya jamii, Ralph Grillo, alifanya utafiti kati yao katika miaka ya 1964 na 1965, na mwaka 1973 akatoa kitabu chake, African Railwaymen. Kingefaa sana kusomwa na wanaohubiri soko la pamoja, ingawa si kitabu cha biashara.

Watu wa Nsambya walitoka pande nyingi. Walikuwapo Waluo na Waluhya kutoka Kenya, na watu wa sehemu mbalimbali za Uganda. Mtu angetarajia kila kabila lijikunyate upande wake. Lakini nyumba zilitolewa kwa kufuata daraja la kazi, hivyo jirani wa ukuta mmoja alikuwa mtu wa daraja lako, awe wa kwenu au asiwe. Kazini pia, daraja lilikuwa na maana kubwa: karani alijipima na karani mwenzake, fundi na fundi, na kila mmoja alijua nani amepanda cheo na nani amerukwa. Kabila halikufutika. Watu waliendelea kushikamana na wa nyumbani, na katika siasa za chama cha wafanyakazi ukabila ulijitokeza. Ila halikuwa peke yake, na halikuwa juu kila saa. Mtu yule yule asubuhi alikuwa fundi wa karakana, mchana mwanachama wa chama cha wafanyakazi anayewapinga wakubwa, jioni mtu wa kwao. Kila kundi lilimdai kitu tofauti, naye alijua kulipa kila deni kwa wakati wake.

Hapo ndipo swali la mwenye duka linapobadilika. "Huyu anatoka wapi?" ni swali linalojibika kwa kitambulisho, na jibu lake halikusaidii lolote saa nne asubuhi kontena linapofunguliwa. Saa hiyo kijana wako ni mtu wa kundi gani? Ni wa wapakiaji, ambao wanataka kumaliza haraka wakapakie lori jingine? Ni wa makarani, ambao watalaumiwa hesabu isipolingana? Au ni ndugu yako, ambaye hakuna anayethubutu kumuuliza?

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu posho, kwa sababu linahusiana. Msomaji wa Dar es Salaam akisikia posho anafikiria fedha za kikao. Hapa Kampala posho ni ugali. Mizizi ni ile ile: posho ilikuwa mgao wa chakula, unga kwa kawaida, ambao mwajiri wa zamani alimpa kibarua wake. Hadi leo chakula cha mchana ni sehemu ya mkataba usioandikwa katika maduka mengi hapa mjini, na ukikiondoa kimya kimya ili kubana matumizi, utashangaa jinsi watu watano wasiopendana watakavyokuwa kitu kimoja ifikapo saa saba.

Nsambya ile haikudumu. Mwishoni mwa 1970 serikali ya Milton Obote iliwaamuru Wakenya kwa maelfu waondoke katika ajira zao Uganda, na mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika, reli ya pamoja ikagawanywa. Sababu zilikuwa nyingi, za kisiasa na za kifedha. Lakini maelezo ya mitaani yalikuwa yale yale ya Kikuubo: kazi zimekwisha kwa sababu ya watu wa kule. Mwezi Julai 2025 Tanzania ilitoa orodha ya biashara ndogo 15 ambazo wasio raia hawaruhusiwi kuzifanya, zikiwemo kutuma na kupokea fedha kwa simu na kutengeneza simu. Kila serikali ina wajibu kwa wananchi wake na sitaki kujifanya sioni kero ya mwenyeji aliyebanwa. Ila mfanyabiashara wa mpakani anapaswa kujua kwamba kila anaposema "tatizo ni Wakenya" au "tatizo ni Waganda" anapanda mbegu ya amri ambayo siku moja itamkuta yeye upande wa pili. Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika 2010 inataja uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, na Kenya, Rwanda na Uganda zimefutiana ada za vibali vya kazi. Karatasi hizo zinategemea sana kama tajiri wa duka yuko tayari kumwona aliyetoka ng'ambo kama mfanyakazi wa kawaida.

Turudi kwa wapakiaji. Miaka ya 1924 hadi 1932 kiwanda cha vifaa vya simu cha Western Electric, Hawthorne, karibu na Chicago, kilifanyiwa majaribio yaliyokuja kuwa maarufu. Wengi wanakumbuka lile la taa: wakiongeza mwanga, kazi inaongezeka. Lenye faida kwetu ni jingine, la mwishoni, ambapo wanaume 14 waliwekwa katika chumba chao wakifunga na kulehemu nyaya. Malipo yalipangwa ili kundi likitoa kazi nyingi, kila mmoja apate zaidi. Kwa hesabu ya uhasibu wangekimbia. Hawakukimbia. Walikuwa wamekubaliana, bila mkutano wala karatasi, kiasi gani ni kazi ya kutosha kwa siku. Aliyezidisha alitaniwa na kupigwa ngumi ya begani. Aliyepunguza mno naye alisemwa. Aliyepeleka maneno kwa wakubwa alichukiwa kuliko wote. Waliogopa kwamba wakionyesha uwezo wao wote, kiwango cha malipo kitashushwa, au baadhi yao watapunguzwa.

Ukisimama Kikuubo wakati malori ya Arua, Juba na Bunia yanapakiwa utaona jambo hilo hilo bila kwenda Chicago. Jina lenyewe, Kikuubo, kwa Kiganda ni kichochoro, na katika kichochoro hakuna siri. Kijana mgeni anayebeba katoni tatu wakati wenzake wanabeba mbili ataonywa kwa utani siku ya kwanza. Siku ya pili hakuna atakayemsaidia kujitwika. Tajiri akiona anasema kijana alianza vizuri halafu akawa mvivu kama wengine. Hakuwa mvivu. Amejifunza bei ya kuwa peke yake. Na wenzake si wabaya pia: wanalinda migongo yao, na wanajua kwamba ukishaona katoni tatu zinawezekana, kesho tatu ndiyo itakuwa kazi ya kawaida kwa malipo ya mbili.

Kwa hiyo zawadi ya mtu mmoja, ile shilingi elfu kumi unayompa "kijana mchapakazi" mbele ya wenzake, mara nyingi inamuumiza yeye na wewe. Kama una nyongeza, kaa na kundi lote, taja bei ya lori zima, na uape kwamba hutaishusha msimu huu. Halafu usiishushe. Ukivunja ahadi mara moja watakukumbuka mwaka mzima, na hawatakwambia.

Nguvu hiyo ya kundi haina tajiri. Mwanzoni mwa Januari 2022 Uganda ilipowataka madereva wa malori kupimwa Covid mpakani kwa dola 30, madereva waliokuwa upande wa Kenya waligoma. Walikuwa wameajiriwa na makampuni tofauti, wengine hawakujuana kwa majina. Waliunganishwa na barabara, foleni, chai ya kando ya lori, na hasira moja. Foleni za Malaba na Busia zilifika makumi ya kilomita, petroli ikapanda Kampala hadi watu wakaegesha magari, na ada hiyo ikaondolewa kwa madereva. Wenye malori wengi walikuwa wakiwapigia simu wawahimize kusonga. Simu ya tajiri ilikuwa mbali, dereva wa mbele na wa nyuma walikuwa karibu.

Sasa tuje kwenye jambo linalowauma zaidi wasomaji wa ukurasa huu: kijana wako wa mpakani.

Wewe uko Kampala, au Kisumu, au Mwanza. Umemweka mtu Busia au Mutukula apokee mzigo, afuatilie karatasi, alipe wapakiaji na kuusafirisha. Unasema anafanya kazi kwako. Kwa mshahara, ndiyo. Kwa siku nzima, hapana. Siku nzima yuko na mawakala wa forodha, wabadilisha fedha, wapakiaji, utingo, na waendesha boda boda, wale ambao jina lao linasemekana lilizaliwa hapo hapo Busia kwa kusafirisha watu kati ya mpaka na mpaka. Hao ndio kundi lake. Hao ndio wanamwambia ofisa gani yuko zamu, njia gani imefungwa, lori gani limeharibika. Akigombana nao, mzigo wako unalala. Wakati huo huo hao ndio wanaomfundisha kiasi gani cha "chai" ni cha kawaida, kiasi gani cha kujiongezea katika hesabu ni haki ya mtu wa mpakani, na mambo gani hayasemwi kwa tajiri. Unaweza kuwa umemchukua kijana mwaminifu kabisa, anayesali, uliyepewa na mchungaji au shehe. Miezi sita baadaye anasema lugha ya kule.

Wafanyabiashara wengi hapa hujibu kwa kumpeleka ndugu. Mpwa hawezi kuniibia, wanasema. Naheshimu undugu, na najua biashara nyingi kubwa za mji huu zimejengwa nao. Lakini undugu ni kundi pia, lenye kanuni zake, na kanuni ya kwanza ni kutoanika aibu nje. Mpwa akipoteza shilingi laki tano hatakuambia wewe kwanza. Atamwambia mama yake, ambaye ni dada yako, na utapata habari kwenye msiba miezi minne baadaye, ikiwa imeshavaa nguo nyingine. Na karani asiye ndugu, aliyeona tatizo tangu siku ya pili, atanyamaza. Kwa nini aseme? Akisema kweli ataonekana mchonganishi wa familia. Umeweka mtu mmoja wa damu mpakani, na papo hapo umewafunga midomo wengine wote.

Shirika la reli, pamoja na ukoloni wake wote, lilijua kitu kimoja ambacho sisi tumekisahau: kuhamisha watu. Mtu asiyejua atakaa kituo kimoja hadi lini hawezi kuzama moja kwa moja katika kundi la kituo kile. Mfanyabiashara mdogo hana vituo vingi, ila ana viwili angalau, duka na mpaka. Kijana akae Busia miezi mitatu, arudi kaunta miezi mitatu, mwenzake aende. Watakuwa wawili wanaoijua kazi ya kule, na kila mmoja atakuta hesabu za mwenzake. Si kwa ajili ya kupelelezana. Mtu anayejua kwamba Novemba mwenzake wa kaunta atakuja kukaa kwenye kiti chake na kukuta bei halisi ya kupakia lori hana haja ya kusubiri dhamiri imsumbue. Na anaporudi Kampala anakumbuka kwamba ana wenzake huku, wanaojua jina la mtoto wake.

Kuna gharama, nakubali. Anayehamishwa anahitaji kodi ya chumba na nauli, na wa kwanza kulalamika watakuwa wale mawakala waliomzoea. Lipa chumba. Matajiri wengi wanabana hapo, kisha wanashangaa kijana analala kwa wakala wa forodha bila kulipa. Unadhani analipa kwa nini?

Maofisa wenyewe wa mpakani wako katika hali kama hiyo, na ni vyema tukaielewa kabla ya kuwatukana. Kituo cha pamoja cha Mutukula kilizinduliwa Novemba 2017, cha Busia Februari 2018. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza: unasimama mara moja tu, upande wa nchi unayoingia, na maofisa wa nchi unayotoka wamekaa humo humo pamoja na wa nchi unayoingia. Paa moja limepunguza safari za kwenda na kurudi, hilo halina ubishi. Lakini kuwakalisha watu chini ya paa moja hakuwafanyi kuwa timu moja. Ofisa wa Uganda anapandishwa cheo na Kampala, wa Kenya na Nairobi. Anayeharakisha mzigo halafu ukakutwa na tatizo ataulizwa peke yake, na anayeuchelewesha bila sababu mara nyingi haulizwi na mtu. Mweke malaika kwenye kiti hicho, naye atajifunza kusema "subiri kidogo".

Ndiyo maana mama anayevuka na gunia mbili za vitunguu akiwa peke yake hutendewa tofauti na akina mama kumi waliokuja pamoja na karatasi zao mkononi. Utaratibu rahisi wa biashara ndogo unasema bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 zinavuka kwa cheti cha asili kilichorahisishwa, bila ushuru wa forodha. Akina mama wengi wanakijua cheti hicho na bado wanapita njia za panya, na maelezo rahisi ni kwamba wamezoea magendo. Sidhani. Mtu mmoja mbele ya dirisha anapambana na kundi zima lililoko nyuma ya dirisha, ambalo linajuana, linakula pamoja na linalindana. Kumi mbele ya dirisha hilo hilo wanabadilisha hesabu: ofisa anajua kwamba akilazimisha malipo yasiyo na stakabadhi, mashahidi ni kumi. Vyama vya wanawake wanaofanya biashara mipakani vimejifunza hivyo kwa vitendo. Wenye maduka makubwa, ambao wanaona vyama ni vya wadogo, bado wanamtuma kijana mmoja na bahasha.

Nimesikia jibu kwamba haya yote yanamwondolea mtu lawama, kwamba mwizi atasema kundi ndilo lililomfundisha. Hapana. Aliyeiba ameiba, na kuna wanaokaa katikati ya kundi baya miaka kumi bila kuchukua senti. Mfukuze mwizi, mpeleke polisi ukiweza kungoja kesi. Ninachokataa ni kumfukuza, kisha kumweka mwingine kwenye kiti kile kile, na majirani wale wale, na mshahara ule ule usiotosha kodi, halafu kusubiri matokeo mapya kwa sababu safari hii umechukua mtu wa kabila lingine.

Kitu kimoja kinaweza kuanza wiki hii bila kungoja Arusha wala bunge lolote. Hesabu ya stoo isifanywe na mtu mmoja usiku akiwa amechoka. Ifanywe Jumamosi saa kumi jioni, kabla lori la Arua halijaanza kupakiwa, na aliyetoa mzigo na aliyepokea wasaini daftari moja mbele ya wapakiaji. Isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili au Kiganda, kwa lugha ambayo hata aliyetoka Butembo ataifuata. Ikipungua katoni, iandikwe pungufu papo hapo, bila kelele na bila kukata mshahara wa mtu siku hiyo. Wiki za mwanzo watasaini wakitazamana. Kuna mmoja atakayesema kalamu yake haina wino, na pengine ni mpwa wako. Mpe kalamu yako.